Mishumaa ya Uzi ya Kabagwira

Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele: mimi nina wivu. Si wivu wa mume. Usumani wangu hata ukimwazima mtu asubuhi, jioni atarudi mwenyewe akiulizia chai. Wivu wangu ni wa mwanamke mmoja anaitwa Kabagwira, fundi cherehani wa hapa sokoni Kimironko, Rwanda. Kibanda chake na changu vimepeana mgongo, katikati kuna wavu wa waya tu. Miaka saba namsikia akicheka na wateja nyuma ya kisogo changu. Miaka saba, jamani!

Kila mtu hapa anamsimulia kwa uzuri tu. Muulize muuza nyanya, muulize mlinzi wa geti, wote watakuambia Kabagwira hivi, Kabagwira vile. Basi acha na mimi nimsimulie, mimi Zaina, ninayemjua kwa karibu na ambaye kumsifu kunanikaba kooni.

Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi. Amerudi Rwanda akiwa msichana mkubwa tayari, na amerudi na Kiswahili chao kile kilichonyooka. Sisi hapa tunasema, "Mkasi iko wapi, lete." Yeye anasema, "Samahani dada, naomba unisogezee mkasi." Wateja wanayeyuka. Mimi nimezaliwa Nyamirambo, babu yangu alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pwani na marobota ya nguo, Kiswahili nimekikuta nyumbani kabla ya Kinyarwanda. Halafu anakuja mtu wa juzi na watu wanamwambia yeye ndiye anajua Kiswahili. Astaghfirullah.

Anakaa Busanza na mume wake Nizeyimana, fundi mwashi anayejenga huko Kinyinya. Wana watoto watatu, na mkubwa wao, Kayitesi, ameolewa Rwamagana. Ndiyo maana sokoni tunamwita Mama Kayitesi. Saa moja asubuhi ameshafagia kibanda, ameshapaka mashine mafuta, na ameshaanza kuimba. Hana sauti nzuri. Hilo nimefurahi kulijua na nimewaambia watu wengi.

Kazi yake kubwa ni kudarizi. Shingo za magauni, mashuka ya maharusi, mito ya makochi. Mtu akinionyesha kazi yake nilikuwa nasema, "Mbele sawa, lakini geuza nyuma uone, mafundo matupu." Nilikuwa sijawahi kugeuza. Nilisema tu, na nilisema kwa miaka, mpaka wengine wakaanza kulirudia neno langu kama ushahidi. Usumani alikuwa ananitazama na kutikisa kichwa. "Zaina," ananiambia, "huyo mama hajakufanyia kitu." Sasa hilo ndilo linalouma zaidi, kwamba hajanifanyia kitu!

Isipokuwa kimoja.

Sisi mafundi wa safu hii tuko wanawake kumi na wanne, tuna kikundi. Kila baada ya miezi mitatu tunaagiza vitenge kutoka Kampala kwa pamoja, kwa sababu ukiagiza peke yako unapandishiwa bei na usafiri unakumaliza. Vitenge vya Kampala vinalipwa kwa shilingi za Uganda. Faranga yetu ikiwa na nguvu wiki hiyo, tunapata marobota mengi. Ikiwa dhaifu, tunapata machache, na mwenzetu fulani anakosa mzigo wa Krismasi au wa Idi. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusema, "Leo tubadilishe fedha, leo tununue." Kwenye kikundi chetu kazi hiyo tunaiita kusema siku. Na aliyekuwa akisema siku, kwa miaka kumi na moja, ni mimi.

Hamjui raha ya kazi hiyo. Wanawake kumi na watatu wamekaa kimya wanakutazama mdomo. Nilikuwa nauliza madereva wa malori wanaotoka mpakani Gatuna, nauliza wauza maharage, nanusa nanusa, halafu nasema, "Alhamisi." Na Alhamisi inakuwa Alhamisi. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima anaitwa Mukantwari, alikuwa akiniita "Benki." Mimi ambaye shule niliachia darasa la sita! Nyumbani nilikuwa natembea kifua mbele mpaka Usumani ananiuliza kama nimepata cheo serikalini.

Basi wakati wa korona, tulipofungiwa nyumbani, wenzetu walilala, wakanenepa. Kabagwira alijifunza. Mtoto wa kaka yake, Eddie, aliyekulia Kampala, alikuwa amekwama kwao Busanza, na kutwa nzima yuko kwenye simu anatazama fedha za dunia zikipanda na kushuka. Kabagwira akachungulia. Akaona vimstari vimesimama, vyekundu na kijani, vingine vifupi, vingine virefu, vina mikia juu na chini. Akauliza, "Mwanangu, hili darizi la nani?" Eddie akacheka, akamweleza kwamba hiyo ni mishumaa, ni ufundi wa Wajapani wa zamani, wafanyabiashara wa mchele, walioanza kuchora bei ili wajue soko linageuka lini.

Nitawaeleza kama alivyotueleza yeye, maana kusema kweli anaeleza vizuri, Mungu amsamehe. Kila siku ni mshumaa mmoja. Bei imefungua asubuhi mahali fulani, ikafunga jioni mahali fulani, na katikati ya hapo unajaza mwili wa mshumaa. Kama mchana bei iliruka juu kisha ikarudi, unachora utambi juu. Kama ilizama kisha ikainuka, utambi unakuwa chini. Mshumaa wa siku ya kupanda una rangi yake, na wa siku ya kushuka una rangi yake. Ukiipanga mishumaa ubavu kwa ubavu, unaona soko linatembea, na kuna maumbo ambayo yakitokea mwisho wa safari ndefu yanakuambia kwamba safari imechoka, inataka kugeuka.

Eddie alichezea fedha zake kwenye simu zikaisha, akarudi Kampala. Shangazi mtu hakucheza hata faranga. Alichukua kipande cha marekani, ile pamba nyeupe nyepesi, kirefu kama mkanda, akaanza kudarizi. Anasema kwenye simu macho yanamuuma, na kitu asichokishona hakimkai kichwani. Sibomana, kijana wa duka la kubadilisha fedha hapo barabarani, alikuwa akimtumia bei kila jioni: imefungua ngapi, imefika wapi juu, imezama wapi, imefunga ngapi. Alikuwa anashona shilingi za Uganda ngapi zinapatikana kwa faranga elfu moja. Mshumaa ukipanda, sisi tunapata zaidi. Ukishuka, tunapata kidogo. Uzi wake ulikuwa wa bluu na wa kahawia. Kwa nini rangi hizo? Kwa sababu ndizo zilizokuwa zimembakia kwenye mto wa mteja. Hiyo ndiyo siri kubwa ya Kijapani!

Mkanda wenyewe akautundika kwenye nguzo ya mbele ya kibanda chake, upande wa njia wanakopita watu. Mimi nilikuwa nyuma. Ili niuone ingebidi nizunguke safu nzima na kusimama mbele yake kama mteja. Nisimame mimi? Yampayinka, naapa, bora nife.

Mara ya kwanza alipofungua mdomo mkutanoni nilikuwa nimeshasema siku. Nilisema Jumanne. Yeye akainua mkono taratibu, akasema, "Samahani dada Zaina, mimi naona kama tungengoja wiki moja hivi. Naweza kuwa nimekosea." Tulinunua Jumanne yangu. Wiki moja baadaye faranga ikawa na nguvu, na niliona wanavyonitazama. Mara ya pili alisema tununue mapema, nikakataa, nikakosea. Mara ya tatu nilisema "Alhamisi," na wale wanawake, wallahi, wote kumi na wawili waligeuza shingo kumtazama yeye kwanza. Akaitikia kwa kichwa. Ndipo wakasema, "Haya, Alhamisi."

Chakula kilinishinda wiki nzima. Cheo bado kilikuwa changu, lakini siku ilikuwa yake.

Mwaka jana Mukantwari akatangaza kwamba kikundi kitapiga kura ya kusema siku, Jumapili ya mwisho ya Novemba, baada ya mzigo wa Krismasi. Mikono tu, hadharani. "Si kwa ubaya, Zaina," akaniambia. Mtu akikuambia si kwa ubaya, ujue ni kwa ubaya. Nikajua nikikaa na madereva wangu na pua yangu, ile kura imeshanipita.

Nikaamua kujifunza mishumaa.

Nilijifunza kwa siri kama msichana anayeficha barua. Kuna walimu wa Dar es Salaam wanafundisha kwenye simu, Kiswahili kitupu. Nilikuwa naweka simu kwenye mtoto wa meza ya cherehani, naufungua kidogo, nasikiliza kwa waya wa sikio huku nashona pindo. Nilijifunza nyundo: mwili mdogo juu, utambi mrefu chini, ikitokea baada ya kushuka sana maana yake bei inataka kuinuka. Nilijifunza kimondo, nyundo iliyogeuzwa miguu juu: utambi mrefu juu, mwili mdogo chini, kikitokea baada ya kupanda sana maana yake kileleni wamechoka, kaa chonjo, inashuka. Nilijifunza mshumaa mnene unaomeza wa jana yake wote. Usumani alinikuta nachora kwa chaki ya kukatia nguo juu ya meza ya kulia chakula. Akauliza, "Hii ni gauni la nani?" Nikamwambia ni la Kabagwira. La kumzikia.

"Wivu wako una mgongo wa kubeba chochote," akasema, akaendelea kula.

Ikafika Novemba, wiki ya kuagiza. Jumatano jioni Kabagwira alipigiwa simu: Kayitesi ameshikwa na uchungu kabla ya wakati. Alifunga kibanda mbiombio. Siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kushona mshumaa wa siku, na kwa haraka hakuzunguka kwenda kuutundika mkanda nguzoni. Aliubana kwa vibanio vya nguo kwenye wavu, huu wavu wetu wa katikati, akakimbilia gari la Rwamagana. Kabla hajaondoka alimpigia Mukantwari: "Mama, waambie wangoje. Nitarudi Jumatano ijayo."

Alhamisi asubuhi nafungua kibanda changu, ninageuka, na huo hapo. Mkanda mzima wa Kabagwira, mbele ya macho yangu, sijazunguka safu, sijasimama kama mteja. Nilitazama kulia na kushoto, nikachukua simu, nikaupiga picha kupitia kwenye matundu ya waya. Halafu nikakaa na kuusoma.

Na niliusoma! Hamjui furaha niliyopata. Kitu ambacho watu wamekifanya uganga, mimi Zaina nakisoma kama barua. Upande wa kushoto, mwanzoni, kuna mshumaa mnene wa bluu, unafuatiwa na nyundo, halafu mishumaa ya kahawia inapanda, inapanda, ngazi baada ya ngazi, wiki tatu nzima. Nikasema, kumbe kwake kahawia ndiyo kupanda. Na mwisho kabisa wa kulia, juu kileleni, nini? Kimondo! Utambi mrefu kuelekea juu, mwili mdogo chini, kama mwalimu wa Dar alivyochora. Faranga yetu imepanda wiki tatu, imefika juu, imechoka. Kesho inaanguka. Na yule mwanamke, nimeshasikia getini, anasema tungoje!

Nikajua nimempata. Amekosea, au kichwa chake chote kimeshafika leba na mtoto. Sikujiuliza mara mbili. Ningejiuliza kama angekuwa mtu mwingine, lakini kosa la Kabagwira nililisubiri miaka mingi mno, nikalipokea kwa mikono miwili.

Mchana tukakutana. Mukantwari akaleta ujumbe: Kabagwira kasema tungoje hadi Jumatano. Nikasimama. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya kwa ajili hiyo.

"Mama mwenyekiti," nikasema, "hii mishumaa hata sisi tunaisoma." Nikapitisha simu yangu mkono kwa mkono. Nikawaonyesha mwili, nikawaonyesha utambi, nikawaonyesha kimondo. Nilisema neno "kileleni" mara nne au tano. Walikuwa wameachama.

Mukantwari akakunja uso. "Lakini Zaina, mie nilisikia faranga yetu iko nashuka siku hizi."

"Umesikia wapi, mama? Kwa muuza ndizi? Huu hapa ni mkono wa Kabagwira mwenyewe. Unaona inapanda au haipandi?"

Akasogeza simu karibu, akasogeza mbali. "Inapanda," akasema.

"Basi leo. Tukingoja Jumatano tutalia." Nikakaa. Na wale wanawake, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, hawakumtazama mtu mwingine. Saa tisa tulikuwa dukani kwa Sibomana na fedha zote za kikundi. Bei aliyotupa ilikuwa chini kuliko nilivyotarajia. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilifanyaje? Niliwageukia wenzangu na kusema, "Mnaona? Imeshaanza kuanguka, tumewahi!" Wakanipigia makofi pale pale kaunta. Sibomana alitutazama kama mtu anayetaka kusema kitu, halafu akahesabu noti.

Ijumaa faranga ikapanda. Nikasema ni upepo. Jumamosi ikapanda. Jumatatu ikapanda zaidi, na Jumanne akina mama wa safu ya viatu, wanaoagiza Kampala kama sisi, wakabadilisha zao kwa bei ambayo kwetu ingekuwa marobota mawili ya ziada. Marobota mawili ni Krismasi ya wanawake wawili. Hakuna aliyenigombeza. Walikuwa wanapita mbele ya kibanda changu wakinisalimu "Mwaramutse" kwa adabu kubwa, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Kabagwira akarudi Jumatano na maziwa ya mtindi kutoka Rwamagana na habari za mjukuu wa kiume. Niliinama kwenye mashine nikajifanya uzi umekatika. Akazunguka safu nzima, akaja akasimama mbele yangu mimi, kama mteja.

"Dada Zaina, hongera nyingi," akasema. "Nasikia umejifunza mishumaa."

Nikangoja kicheko. Hakikuja. Akaomba aione ile picha, nikampa simu kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia. Aliitazama muda mrefu. Halafu akatazama wavu, mkanda ulikuwa bado umening'inia pale pale. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ulisimama wapi ulipopiga?"

"Hapa kwangu. Nisimame wapi tena?"

Aliingia ndani ya kibanda changu. Alipitisha mkono kando ya wavu, akavibandua vibanio, akaugeuza mkanda na kuulaza juu ya meza yangu. Nikaona. Kila kilichokuwa kulia kimekwenda kushoto. Kimondo kilikuwa mwanzo wa mkanda, si mwisho. Baada yake kahawia ilikuwa inashuka, ngazi baada ya ngazi, wiki tatu, mpaka chini kabisa kwenye nyundo, na baada ya nyundo ule mshumaa mnene wa bluu wa Jumatano, uliomeza wa jana yake wote. Soko lilikuwa limefika chini na lilikuwa linageuka kupanda. Mtoto angeona. Nilikuwa nimesoma darizi kwa upande wa nyuma.

Mimi! Fundi wa miaka ishirini na sita, ninayempigia kelele kila mwanafunzi wangu kwamba kabla hujakata kitambaa ujue upande wa ndani na wa nje. Nikakishika kile kitambaa nikakigeuza, nikakigeuza tena, natafuta mafundo. Natafuta uzi uliorukia, ncha iliyoachwa, chochote cha kunionyesha kwamba hapa ni nyuma. Hakuna. Nyuma yake ilikuwa safi kama mbele. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kushona nyuma safi namna ile. Machozi yalinitoka, na yalikuwa ya hasira.

"Ulisoma vizuri kabisa," Kabagwira akasema. "Kimondo mimi kilinichukua mwaka kukijua. Ni upande tu, dada."

Afadhali angenitukana.

Jumapili tukakaa kwenye mabenchi ya chumba cha mikutano cha soko, wanawake kumi na wanne, kwa ajili ya kura. Mukantwari akasema kabla ya mikono lazima tujue kilichotokea, maana mzigo umepungua na watu wanataka maelezo. Nilikuwa nimejiandaa kusema Wajapani ni waongo. Kabla sijasimama, Kabagwira alishasimama.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilikuwa na haraka, nikautundika mkanda vibaya. Nimemwangusha dada Zaina. Kusoma, alisoma sawasawa. Mimi naona yeye aendelee kusema siku, nami nitamshonea tu."

Wanawake wakapumua. Kuna mmoja akasema, "Aa, kumbe!" Nikaona nyuso zinanirudia. Mukantwari akatabasamu, nadhani alifurahi kwamba hakutakuwa na ugomvi. "Basi, wanaotaka Zaina," akasema, na mikono ikaanza kupanda. Mmoja, minne, saba, tisa. Na wa kumi ulikuwa wa Kabagwira.

Nilichokuwa nakitaka kilikuwa hapo, kimenyanyuliwa hewani. Ningekaa kimya dakika moja tu kingekuwa changu. Sitawadanganya, nilifikiria kukaa kimya. Nilifikiria vizuri. Lakini nilimtazama yule mwanamke na mkono wake juu, ametulia, ameshika kosa langu kama mtu aliyekushikia mfuko ufunge kiatu, na nikaona sasa atanishinda hata katika hili. Nikisema siku miaka mingine kumi, kila siku nitakayoisema itakuwa ni yeye aliyenipa. Hapana. Hiyo hapana.

"Shusheni mikono!" Nilipiga kelele mpaka mlinzi akachungulia. "Shusheni! Hakutundika vibaya. Alitundika kitambaa chake kwenye kibanda chake, na uso wa kitambaa uliangalia kwake, kama inavyotakiwa. Mimi nilichungulia kwa nyuma kama mwizi kwa sababu nilikuwa sitaki kuonekana nimesimama mbele ya kibanda chake. Nikasoma nyuma nikidhani mbele. Na mnajua kwa nini sikujua?"

Nikamnyooshea Kabagwira kidole.

"Kwa sababu nyuma yake ni safi. Nimewaambia miaka yote kwamba ana mafundo. Nilisema uongo, sikuwahi hata kugeuza. Hakuna mwanamke kwenye soko hili anayeshona kama huyu, na mimi nikiwemo. Haya, nimesema. Pigeni kura yenu."

Nikakaa. Kabagwira alikuwa ameinamisha kichwa anatazama mikono yake.

Mukantwari akakohoa. "Wanaotaka Kabagwira," akasema.

Ikapanda mikono kumi na miwili kwa mpigo. Mwenyewe hakuinua wake. Ukabaki wangu. Wote walikuwa wananitazama mimi sasa, kama zamani, na mimi nilikuwa nimeukalia mkono wangu, nimeukalia kweli, chini ya paja. Nikauchomoa. Niliuinua, na ulikuwa mzito, na uliniuma kuanzia begani mpaka kwenye kucha, na mpaka leo, kila anaposema "Alhamisi" na wenzangu wanaitikia, unaniuma vilevile.